Kikohozi

Wa kwanza kununua alikuwa daktari wa meno.
Alitoa noti ya dola kumi, akasahau chenji,
nasi hatukumkumbusha.

Hapo ni Sudbury, mwezi wa pili,
mji wa nikeli, miamba iliyoungua ikawa nyeusi,
bomba la moshi refu kuliko minara yote ya kanisa.
Baridi ya kukata kauli:
ukisema neno nje linaganda usoni mwako
kabla hujamaliza kulijutia.

Dada yangu Ghislaine alikuwa akifua mashuka ya hospitali
tangu saa kumi na moja alfajiri.
Mashine zile zilikuwa na mdundo, anasema:
tatu kwa mbili, tatu kwa mbili, kisha kikohozi.
Wimbo wake wa kwanza aliutoa humo,
akauandika nyuma ya orodha ya foronya.
Ukitega sikio, kikohozi kimo.

Gitaa alilirithi kwa mjomba Aurèle,
aliyeacha vidole viwili mgodini,
akasema, chukua, mimi sasa napiga meza.
Lilikuwa na ufa tumboni. Tuliuziba kwa gundi ya mbao
na kibandiko cha timu ya hoki.

Mimi nilikuwa dereva, mbeba spika, mkata tiketi,
na usiku mmoja, huko Kapuskasing,
nusu ya hadhira. Nusu ya pili alikuwa mwenye baa.
Mbwa simhesabu; aliondoka katika wimbo wa tatu.
Ghislaine akaimba zote kumi na moja,
akashukuru kwa Kifaransa, halafu kwa Kiingereza,
kwa ajili yangu mimi ninayezijua zote mbili,
nisijue niitikie kwa ipi.

Mwezi wa nne akaja bwana mmoja wa Toronto,
viatu vyembamba katika tope la theluji.
Akasikiliza amefumba macho.
Sauti ipo, akasema. Jina ndilo zito.
Thériault! Nani ataweza kuliagiza dukani?
Na lugha hii (akapunga mkono kama anayefukuza nzi)
nusu ya nchi haitaielewa.
Akaweka karatasi mezani, kalamu juu yake,
na jina jipya lililokwisha kupigwa taipu: Gail Terry.

Mama alikuwa akimenya viazi. Hakugeuka.
Nilisikia kisu kikinyamaza.

Ningependa kusema Ghislaine aliirarua. Hakuirarua.
Aliikunja, akaisukuma ndani ya gitaa kupitia tundu,
na miezi sita kila alipolibeba
mkataba ulikwaruza humo kama panya.
Alihitaji fedha. Tuseme kweli, njaa haina lugha.
Asubuhi moja nilimkuta bafuni
ameandika Gail kwenye ukungu wa kioo,
analitazama likichuruzika.

Kisha Jumamosi ya bingo, chini ya kanisa.
Walimpa dakika kumi, kati ya namba na keki.
Wafuaji wenzake walijaa safu ya nyuma,
mikono myekundu mapajani.
Alipofika pale, tatu kwa mbili, tatu kwa mbili,
wakakohoa.
Wote kumi na wanne, kwa pamoja, mahali pake hasa.
Bi Pelland akapitiliza, akakohoa kweli,
ikabidi apigwe mgongoni,
ukumbi ukaangua kicheko, dada yangu naye,
akapotea katikati ya ubeti,
akaanza upya kutoka juu.

Usiku ule tuliligeuza gitaa kichwa chini,
tukalitikisa hadi karatasi ikadondoka.
Upande wa nyuma ulikuwa mtupu, karatasi nzuri, nzito.
Akaandika hapo wimbo wa mbwa wa Kapuskasing.

Wanaoniuliza leo alivumaje, sina la kuwaambia.
Mimi najua hesabu ya mwanzo tu:
kaseti mia mbili, hamsini na tatu zikauzwa,
sitini tukagawa, moja ikayeyuka kwenye dashibodi,
themanini na sita ziko chini ya kitanda changu,
na dola nne za daktari wa meno
hatujamrudishia bado.